Mtoto Anapoomba Asaidiwe Kununua Mashine ya Gemu



Tafakari ya juma hili nawaelekezea wazazi, na hasa akina baba, juu ya ombi ambalo yamkini wengi wenu mmekwisha kulisikia nyumbani, limesemwa kwa sauti ya chini na macho yakitazama sakafu: “Baba, naomba unisaidie kununua PlayStation.” Aghalabu jibu huwa moja kati ya matatu. Baba hucheka. Ama hukasirika na kuuliza iwapo sare za dada yake zimekwisha kununuliwa. Ama husema “tutaona”, neno ambalo maana yake katika nyumba zetu inafahamika kwa kila mtoto aliyetimiza miaka saba.

Mimi nina maoni yangu juu ya jambo hili, na natambua kwamba hayatawapendeza wote. Naona kwamba ombi hilo lastahili kusikilizwa hadi mwisho. Tena naona kwamba katika nyumba yenye televisheni, yenye umeme, na yenye kipato kinachotosheleza mahitaji ya lazima, baba angefanya vema kukubali. Simaanishi amnunulie mtoto. Namaanisha amsaidie kununua, kama mtoto mwenyewe alivyoomba, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na jambo ambalo baba anayekataa hulisahau. Yeye hudhani kwamba anachagua kati ya mtoto atakayecheza gemu na mtoto asiyecheza. La hasha. Mtoto wake anacheza tayari. Anacheza bandani.

Mabanda ya gemu mnayafahamu. Yameenea katika miji yote ya Tanzania, na sisi wa mwisho wa reli hatukuachwa nyuma. Ni chumba kimoja cha duka, pazia limefungwa mlangoni ili mwanga usiingie, televisheni mbili au tatu zimepangwa mezani, mabenchi, feni inayozunguka kwa uvivu, na vijana kumi na watano wakiwatazama wanne wanaocheza. Mchezo karibu daima ni mpira wa miguu. Mashine iliyoyajaza mabanda hayo hapo awali ilikuwa PlayStation 2, iliyotoka Japani mwezi Machi mwaka 2000 na kuuzwa duniani zaidi ya milioni 155 kabla ya utengenezaji wake kukoma mwanzoni mwa mwaka 2013. Wenzetu wa nchi tajiri walipohamia mashine mpya, zile za zamani ziliendelea kula chumvi huku kwetu, zikifunguliwa, zikipulizwa vumbi na kufungwa tena na mafundi wetu, hadi zilipofuatwa na PlayStation 3 na 4.

Siwalaani wenye mabanda. Wengi wao ni vijana wanaojitafutia riziki, na wapo wanaowafukuza wanafunzi wenye sare wakati wa masomo, jambo ambalo nawashukuru. Hata hivyo banda lina desturi zake. Mtoto hulipia mechi, naye aliyefungwa hutaka mechi nyingine ya kulipiza, na aliyeshinda hutaka kuendelea kushinda. Katika baadhi ya mabanda anayefungwa ndiye anayewalipia wote wawili. Mkilifikiri jambo hilo kidogo mtaona kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili amekwisha kuingia katika kamari pasipo mtu yeyote kulitamka neno hilo. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawazuia walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini ni nani atakayeketi bandani kuuliza nani kamlipia nani mechi ya mpira wa kwenye televisheni?

Sasa tufanye hesabu, kwa maana akina baba hupenda hesabu. Tuseme mechi moja ni shilingi 300, na mtoto hucheza mechi tatu kwa siku, siku sita za juma. Hiyo ni shilingi 5,400 kwa juma. Kwa majuma 50 ni shilingi 270,000. Badilisheni tarakimu kufuatana na bei ya mtaani kwenu, kisha mwulize fundi mmoja wa mjini bei ya mashine iliyotumika pamoja na pedi zake mbili, mlinganishe.

Na fedha hizo zatoka wapi? Mwanafunzi wa darasa la sita hana mshahara. Zinatoka katika chenji ya dukani, katika nauli, katika fedha ya kitafunwa cha mapumziko, na, tuseme kweli, katika michango ya shule isiyokuwapo. Serikali ilipofuta ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, mzazi alibakiwa na vimichango vidogovidogo vya hapa na pale. Mtoto mwerevu akauona upenyo. Shilingi mia tano ya “karatasi za mtihani” haina risiti, na baba aliyechoka haendi shuleni kuiulizia. Kwa hiyo baba aliyekataa kutoa laki moja mchana kweupe anaitoa mia tano kwa mia tano bila kujua, na juu ya hasara hiyo anamgharamia mwanawe masomo ya uongo.

Katika familia moja ninayoifahamu, mtoto alitumwa jioni kununua umeme wa LUKU. Alirudi usiku, akasema mtandao umegoma. Nyumba ikalala gizani, na mdogo wake aliyekuwa na homa akanyweshwa dawa kwa mwanga wa simu. Kesho yake mama alipokwenda mwenyewe kwa wakala, aliambiwa kwamba mtandao haukuwa umegoma hata kidogo. Hili sikulipata katika kitubio. Lilisemwa wazi mbele ya meza ya chakula, na baba wa nyumba ameniruhusu kulieleza bila kutaja jina lake. Nilipomwuliza kijana kwa nini hakumwomba baba fedha, alijibu bila ukali wowote: “Niliomba mara tatu, Padre. Baba alisema tutaona.” Baba hakubisha. Alikuwa anakumbuka mara moja tu, na hata hiyo alidhani ni mzaha.

Kwa hiyo, wapendwa, gemu yenyewe hainitishi sana. Kinachonitisha ni mtoto anayegundua kwamba ombi la kweli halipati jibu, ilhali uongo mdogo hupata fedha papo hapo. Ugunduzi huo hautamwacha atakapokuwa mwenye nyumba, mhasibu wa chama cha ushirika, au mume wa mtu.

Iko nchi moja iliyojaribu kukataa kwa niaba ya wazazi wote. Mwaka 2000 Serikali ya China ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa mashine za gemu za nyumbani, kwa kuhofia kwamba zingewaharibu vijana. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa mwaka 2014, na mwaka 2015 ikaondolewa nchi nzima. Je, kwa miaka hiyo yote vijana wa China hawakucheza? Walicheza. Walikwenda katika vyumba vya kukodisha kompyuta, wakacheza huko hadi usiku wa manane, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya gemu duniani. Mwezi Agosti 2021 serikali hiyohiyo ilirudi na agizo la namna nyingine: walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mtu anaweza kuliona agizo hilo kuwa kali mno, na kusema kweli serikali inayoingia sebuleni kwa watu kiasi hicho hainivutii. Walakini tazameni njia waliyoipita. Waliianza kwa kukataza kitu, na baada ya miaka zaidi ya ishirini wakafika kwenye kupanga saa. Baba wa Katubuka anaweza kufika hapo kwa jioni moja.

Najua zipo hoja za kukataa, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni fedha, na hapo sitanii. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Nyumba zinazoishi kwa dagaa na migebuka zinajua zilivyovuka majira hayo. Katika wakati wa namna hiyo mtoto anayeomba PlayStation anastahili kuambiwa hapana. Lakini aambiwe hapana yenye sababu. Wapo akina baba wanaowaficha watoto kipato chao kana kwamba ni aibu, kisha wanashangaa mtoto anapoomba kama mwana wa tajiri. Mweke mwanao mezani, mfungulie daftari: hii ni kodi ya nyumba, huu ni mchele, hii ni dawa ya bibi yako, hii ni akiba ya kununua wavu mpya, hiki ndicho kilichobaki. Mtoto aliyeonyeshwa daftari hatarudia ombi lake kwa namna ileile, na yamkini atasubiri pasipo kununa.

Hoja ya umeme ni nyepesi. Tulipotegemea majenereta ya dizeli, kabla ya mkoa wetu kuanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, ilikuwa na uzito wake. Leo hii PlayStation 2 na televisheni ya kawaida ya kisasa, vikiwashwa pamoja, havifiki wati 150. Kwa saa mbili ni chini ya theluthi moja ya uniti. Pasi ya nguo inakula zaidi.

Ipo hoja ya afya na akili. Mwezi Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliipitisha orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, nayo ilianza kutumika Januari 2022. Ndani yake yumo mtu aliyetawaliwa na gemu: hawezi kujizuia, anaitanguliza mbele ya mambo mengine yote ya maisha, anaendelea hata anapoona madhara, na hali hiyo kwa kawaida imedumu kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Zingatieni urefu wa muda huo. Mtoto aliyesahau kuchota maji Jumamosi moja kwa sababu ya mechi si mgonjwa. Anahitaji kukumbushwa maji. Lakini dalili za kweli zinahitaji jicho la mzazi, na jicho la mzazi linafika sebuleni. Nyuma ya pazia la banda halifiki.

Nayo hoja ya uchafu na ukatili uliomo katika baadhi ya gemu naiunga mkono kwa mikono miwili. Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa mwaka 2007, uliohusu watoto na vyombo vya habari, aliitaja michezo ya video kwa jina, akakemea ile inayotukuza ukatili kwa kisingizio cha burudani. Hata mataifa yaliyozitengeneza yanajua kwamba gemu si zote za kila mtu. Huko Ulaya, tangu mwaka 2003, kasha la gemu huandikwa namba ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo vijana wetu wengi waliifahamu kabla hawajajua kunyoa ndevu, ina namba 18. Tatizo letu ni kwamba CD nyingi zinazouzwa mitaani ni za kunakiliwa, zimetiwa katika mfuko wa nailoni, hazina kasha wala namba. Hapo mzazi hana budi kuketi na kutazama mwenyewe, dakika ishirini za kwanza. Mzazi asiyeweza kutoa dakika ishirini asilalamike juu ya maadili.

Watoto wetu nao wamepata hoja mpya, na ninakiri kwamba ni hoja nzuri. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza Carlo Acutis kuwa Mtakatifu. Kijana huyo wa Kiitaliano alifariki dunia tarehe 12 Oktoba 2006 kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 15, naye, kama mama yake alivyosimulia, alikuwa na PlayStation. Mtoto mmoja wa Utoto Mtakatifu alinijia na habari hiyo akiwa na furaha ya wakili aliyepata hati iliyopotea. Nikamwuliza: “Na ile saa moja kwa juma aliyojiwekea mwenyewe, hiyo nayo umeileta?” Akanyamaza, akachezea kola ya shati. Kisha akasema kwamba saa moja ni kidogo, Padre, tufanye tatu. Nikamwambia hayo akayapatane na baba yake, kwa sababu mimi sina televisheni ya kumkopesha.

Nikiri kwamba jibu lake lilinifurahisha. Mtoto anayesema “tufanye tatu” amekwisha kuacha kulia na ameanza kupatana, na kupatana ni elimu isiyofundishwa darasani.

Hapo ndipo ninapogeukia kwenu, watoto na vijana. Kwetu ni desturi mtoto kumpitia mama, naye mama huligeuza ombi kuwa lake na kulipeleka kwa baba usiku. Wengine humtumia shangazi wa Ujiji, au babu. Desturi hiyo ina busara yake katika mambo mazito, lakini katika hili msimfanye mama mshenga. Akikataliwa yeye, mnamwachia ugomvi usiokuwa wake. Akikubaliwa, ninyi hamkujifunza neno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake, na kifungu cha 8 kinataja hata mchezo na mapumziko miongoni mwa haki zake. Sheria haikutaja PlayStation. Asije mmoja wenu akaipeleka mezani kwa baba kama hati ya mashtaka, akapata jibu lisilokuwamo katika sheria yoyote. Lakini jueni kwamba kusema mbele ya baba kwa heshima si utovu wa adabu.

Basi chagua saa. Baba aliyetoka mwaloni alfajiri na mkono mtupu si wa kuombwa kitu. Usimwombe mbele ya wageni ili aone haya kukukatalia, maana hiyo ni hila, na baba huitambua. Usiseme “kwa akina fulani wanayo”. Hakuna sentensi inayofunga mfuko wa baba upesi kama hiyo. Wala usiahidi kushika nafasi ya kwanza darasani, kwa sababu nafasi ya kwanza haimo mkononi mwako. Yuko msichana wa dawati la mbele mwenye mipango yake. Ahidi kilicho chako: siku utakazocheza, saa utakayozima bila kuambiwa mara mbili, na kwamba Jumapili jioni pedi zote mbili zinakabidhiwa kwa mama hadi Ijumaa. Andika katika karatasi, kwa mwandiko unaosomeka.

Zaidi ya yote, usiende mikono mitupu. Nenda na fungu lako, nusu ukiweza, theluthi ukishindwa, na uwe tayari kueleza ulivyolipata. Kuku watatu hutaga. Mchicha wa nyuma ya nyumba hununuliwa kila jioni. Wapo wanaosaidia dukani kwa mjomba wakati wa likizo. Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri: Sheria hiyohiyo inaruhusu kazi kuanzia miaka 14 tu, tena kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumtoa shuleni. Sitaki kusikia kwamba kuna mtoto aliyeshinda usiku Kibirizi akibeba ndoo za dagaa kwa ajili ya PlayStation, na baba akasema Padre ameruhusu. Fungu likiwa dogo kwa sababu mtoto ni mdogo, ni dogo. Baba hataangalia kiasi kama atakavyoangalia kwamba mwanawe alizishika shilingi elfu arobaini kwa miezi mitano pasipo kuzimaliza bandani. Huo ni ushahidi ambao hauna mfano.

Nanyi akina baba, mtoto akija namna hiyo, jibuni. Bwana wetu alipotaka kutueleza jinsi Mungu anavyotusikiliza, hakutwaa mfano wa mfalme na raia wake. Alitwaa mfano wa mwana anayemwomba baba yake samaki, na sisi wa pwani ya Tanganyika tungepaswa kuuelewa mfano huo kuliko wengine. Ni kweli, mashine ya gemu si samaki. Hakuna mtoto atakayekufa kwa kuikosa. Lakini sikio linalosikia ombi la samaki na sikio linalosikia ombi la mchezo ni lilelile, na mtoto analijaribu kwanza kwa mambo madogo kabla ya kulikabidhi makubwa. Binti atakayekuja miaka mitano baadaye kusema jambo zito lililompata anakumbuka alivyojibiwa kaka yake.

Na kwa kuwa nimemtaja binti, niseme neno ambalo wengi hulipita. Banda la gemu ni mahali pa wavulana. Msichana anayejiheshimu haingii, na akiingia atasemwa mtaa mzima. Mashine inapofika nyumbani, mara nyingi hali haibadiliki: kaka na rafiki zake wanacheza, dada anaosha vyombo na kusikiliza kelele za bao. Mimi nasema, ikiwa ndani ya mashine hiyo kuna hata shilingi moja ya baba, basi ni ya nyumba nzima. Dada ashike pedi, na kaka ashike sufuria. Katika nyumba moja nilishuhudia dada akimfunga kaka yake mabao manne kwa moja. Kaka alitumia jioni yote kueleza kwamba pedi ilikuwa mbovu.

Watoto wa jirani watakuja. Hilo msilikimbie, mpangeni siku, waacheni viatu mlangoni, na msiwatoze fedha. Baba atakayeshawishika kugeuza sebule yake kuwa banda dogo atakuwa amerudi kulekule tulikotoka. Na kabla ya pedi kushikwa, mpira wa kweli uchezwe kwanza nje, jua likiwapo. Mbwana Samatta, ambaye vijana humsogeza kwa vidole katika gemu hizo, alipita TP Mazembe ya Kongo, akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa. Aliingia ndani ya gemu kwa kupitia uwanja wenye vumbi.

Baba mmoja, baada ya kunisikiliza haya yote, aliniuliza: “Padre, na akiacha masomo je?” Mashine iuzwe. Mashine nzima ya gemu haikosi mnunuzi katika mji huu, na sharti hilo liandikwe katika karatasi ileile tangu siku ya kwanza, mtoto atie sahihi na baba atie sahihi. Ila siku itakapouzwa, fedha igawanywe kama ilivyochangwa. Fungu la mtoto arudishiwe mkononi, lote, jioni hiyohiyo, hata kama baba bado ana hasira.